Subhas Chandra Bose mjini Berlin: alifuata nini kwa Hitler?

Kila mwaka ikikaribia Januari 23, kuna picha moja ya zamani, ya nyeusi na nyeupe, inayoanza kuzunguka upya kwenye makundi ya WhatsApp. Ni mwanamume wa Kihindi mwenye miwani ya duara, amepeana mkono na Adolf Hitler. Maneno yanayoandikwa chini yake huwa ya aina mbili tu. Ama "shujaa tuliyefichwa na wakoloni", ama "kumbe naye alikuwa Mnazi". Baada ya hapo ni mvua ya matusi na vikaragosi mpaka admin afunge kundi watu wapoe.

Mtu huyo ni Subhas Chandra Bose, ambaye Wahindi wengi humwita Netaji, yaani kiongozi mheshimiwa. Januari 23 ndiyo siku aliyozaliwa, mwaka 1897, katika mji wa Cuttack. Septemba 2022 serikali ya India ilimzindulia sanamu ya jiwe jeusi yenye urefu wa futi 28 karibu na lango la India Gate mjini Delhi, chini ya kibanda kilekile cha mawe ambacho zamani kilimkinga jua mfalme George V wa Uingereza. Kwa hiyo swali la vijana wa WhatsApp si la kipuuzi hata kidogo. Inakuwaje mtu akalie kiti cha mfalme wa mkoloni, na huku kwenye albamu yake yumo Hitler?

Jibu la haraka kila mtu analo: adui wa adui yangu ni rafiki yangu. Si la uongo, ila linaacha mambo mengi nje. Kwa maoni yangu, fundo hili lina uzi mmoja wa kuvuta, nao ni kujua Bose alifuata kitu gani hasa Berlin. Wengi hudhani ni bunduki, au pesa. Alichokitaka kabla ya vyote hivyo kilikuwa karatasi.

Tuyaweke maneno sawa kwanza, maana nusu ya ugomvi huanzia hapo.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ni nchi za Mhimili: Ujerumani, Italia na Japani. Upande wa pili ni Washirika: Uingereza na makoloni yake, kisha Muungano wa Kisovieti kuanzia Juni 1941 na Marekani kuanzia Desemba mwaka huohuo. India ya wakati ule, ambayo leo ni India, Pakistan na Bangladesh, ilikuwa mali ya Uingereza. Aliyeitawala kwa niaba ya mfalme, Lord Linlithgow, alitangaza Septemba 3, 1939 kwamba India nayo iko vitani dhidi ya Ujerumani. Hakumuuliza kiongozi hata mmoja wa Kihindi. Kabla vita havijaisha, Wahindi wapatao milioni 2.5 walikuwa wamehudumu katika jeshi lililo chini ya bendera ya Uingereza.

Halafu kuna neno kibaraka. Kibaraka ni mtu anayesema anachoambiwa na aliyemweka. Mshirika ni mtu mwenye nguvu ya kukuambia hapana nawe ukasikia. Bose, kwa miezi 22 aliyokaa Berlin, hakuwa kitu kimoja kati ya hivi viwili. Alikuwa mgeni mwenye shida. Tofauti hiyo naomba uishike.

Sasa tumtazame kabla ya Berlin. Bose hakuwa mtu wa pembeni. Alifaulu mtihani wa utumishi wa serikali ya India mwaka 1920, ule mtihani ambao kijana wa Kihindi akiupita ukoo mzima unashangilia, kisha mwaka uliofuata akaiacha kazi yenyewe na kuingia kwenye siasa. Alikuwa meya wa Calcutta mwaka 1930. Alifungwa mara nyingi. Mwaka 1938 aliongoza chama cha Congress, ndicho chama kikuu cha kupigania uhuru, na mwaka 1939 akagombea tena akamshinda mgombea aliyeungwa mkono na Gandhi kwa zaidi ya kura 200. Ushindi huo ukamponza. Wazee wa chama walikataa kufanya naye kazi, akajiuzulu baada ya miezi michache.

Walichogombania ni njia. Gandhi aliamini uhuru unapatikana bila kumwaga damu, kwa kumnyima mtawala ushirikiano. Bose aliona vita vya Ulaya kwa jicho la msemo wetu: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Uingereza ikibanwa, India isukume papo hapo, na kwa silaha ikibidi. Wahindi wengine walishawahi kuwaza hivyo. Mwaka 1914, katika vita vya kwanza, kamati ya Wahindi iliundwa Berlin kwa mfuko wa Wajerumani, na miongoni mwa vinara wake alikuwamo Virendranath Chattopadhyaya, ndugu wa mshairi Sarojini Naidu. Mipango yao ya kuingiza silaha India ilishindwa, na yeye mwenyewe alikuja kuuawa Moscow mwaka 1937 katika wimbi la mauaji ya Stalin. Shemeji yake, A. C. N. Nambiar, ndiye baadaye angekuwa msaidizi mkuu wa Bose Berlin. Njia ilikuwa ya zamani, na aliyeipita kabla hakufika.

Julai 1940 Waingereza walimkamata Bose tena. Akagoma kula hadi afya ikazorota, wakaogopa asiwafie mikononi, wakamrudisha nyumbani Calcutta mwezi Desemba chini ya ulinzi wa makachero. Hapo ndipo inaanza sehemu ambayo hata wasiompenda huisimulia kwa raha.

Alitangaza kuwa amejitenga chumbani kwa ibada, haoni mtu. Usiku wa kuamkia Januari 17, 1941, alitoka akiwa amevaa kama wakala wa bima, Mwislamu aitwaye Muhammad Ziauddin. Dereva alikuwa Sisir, mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa udaktari. Kwa desturi zetu tungesema alikuwa anamwendesha baba yake mdogo. Gari lilikuwa la Kijerumani, aina ya Wanderer, kana kwamba safari ilishajitabiria mwisho wake. Waliendesha usiku kucha, na usiku uliofuata Sisir akamshusha kwenye kituo kidogo cha reli cha Gomoh apande treni la kwenda Delhi. Nyumbani Calcutta chakula cha "mcha Mungu" kiliendelea kupelekwa chumbani kama kawaida, na ndugu zake waliendelea kukila ili sahani zirudi tupu. Serikali ilikuja kujua ndege ameruka zaidi ya wiki moja baadaye, kesi yake ilipoitwa mahakamani.

Kutoka Peshawar alivuka milima kwenda Kabul. Hakujua Kipashto, lugha ya watu wa huko, na angefungua mdomo angekamatwa. Basi akafanywa kiziwi na bubu anayepelekwa kwenye kaburi la mtakatifu kuombewa. Mzungumzaji hodari wa umati wa Calcutta akanyamaza njia nzima, huku mwenzake, Bhagat Ram Talwar, akimsemea. (Talwar mwenyewe ni hadithi nyingine. Katika miaka ya vita alifanyia ujasusi pande nyingi kiasi kwamba huwezi kujua usiku alikuwa analala upande wa nani.)

Angalia sasa mlango aliougonga kwanza Kabul. Ulikuwa wa Wasovieti, na hawakuufungua. Waliomsaidia kutoka ni Waitalia. Balozi wao, Alberto Quaroni, alimpatia pasipoti yenye jina la Orlando Mazzotta. Kwa jina hilo alipita Samarkand na Moscow mwezi Machi, maana Hitler na Stalin walikuwa bado na mkataba wao wa kutoshambuliana, akatua Berlin mwanzoni mwa Aprili 1941. Mwezi huohuo wa Machi, London ilikuwa imewaagiza majasusi wake wa Istanbul na Cairo wamuue akipitia Uturuki. Agizo hilo lilijulikana hadharani mwaka 2005 tu.

Haya, karatasi.

Chukulia familia yenu ina kiwanja. Jirani mwenye nguvu amekivamia miaka mingi, kajenga, anapangisha, na kodi anakula yeye. Mmepeleka barua, mmekaa vikao, hakuna kitu. Mtaa wa pili kuna mbabe ambaye sasa amegombana na huyo jirani, wanapigana kila siku. Unamwendea. Humwombi akupiganie tu. Unamwomba kwanza asaini karatasi mbele ya mashahidi: "Kiwanja kile ni cha familia ya fulani, na jirani akiondoka, mimi sitakigusa."

Kwa nini karatasi ndiyo ije mbele? Kwa sababu bila karatasi, mbabe akishinda anaweza kukihamia kiwanja mwenyewe. Au, vibaya zaidi, anaweza kupatana na jirani na kumwachia kiwanja kama sehemu ya suluhu. Na ndugu zako nyumbani watakuuliza: umetuletea mkombozi, au umetuletea mvamizi wa pili?

Karatasi hiyo ndiyo aliyoiomba Bose, kwa jina la kidiplomasia tamko. Siku chache tu baada ya kufika aliwapa Wajerumani waraka mrefu, na kiini chake ni kwamba nchi za Mhimili zitangaze hadharani kuwa zinatambua haki ya India kuwa huru. Mwisho wa Aprili akakutana na waziri wa mambo ya nje, Joachim von Ribbentrop, mjini Vienna. Majibu yakawa matamu na matupu: tutaona, wakati haujafika, subiri.

Hakuwa peke yake kwenye foleni hiyo. Mufti wa Jerusalem, Amin al-Husseini, na Rashid Ali al-Gaylani, waziri mkuu wa zamani wa Iraq, nao walikuwa Berlin wakiomba tamko kama hilo kwa ajili ya Waarabu, nao wakizungushwa. Ukiwapanga pamoja unaona wazi kwamba tatizo halikuwa tabia ya Bose wala ufundi wake wa kuomba. Mwenye nyumba hakutaka kusaini.

Hitler alikuwa na sababu zake. Kwa muda mrefu aliwaza kwamba Uingereza ingechoka na kutaka mapatano, na siku hiyo India ingekuwa kitu kizuri cha kuwaachia ili wakubali. Zaidi ya hapo, aliuhusudu utawala wa Waingereza India. Katika kitabu chake cha miaka ya 1920 aliwadhihaki wapigania uhuru wa Kihindi na kuandika kwamba ni heri India ibaki chini ya Waingereza. Vita vilipopamba moto alikuwa akiwaambia walio karibu naye kwamba Urusi itakuwa kwa Ujerumani kile ambacho India ni kwa Uingereza. Mtu anayekitamani kiwanja cha namna hiyo, utamwomba akutetee kiwanja chako?

Juni 22, 1941 Ujerumani iliivamia Urusi, na mpango wa Bose ukavunjika mgongo. Alitarajia msaada upite nchi kavu, kupitia Afghanistan, kwa ridhaa ya Moscow. Sasa njia imegeuka uwanja wa vita, na Wahindi wengi wa mrengo wa kushoto walikuwa upande wa Warusi. Aliwaambia maofisa wa wizara ya mambo ya nje waziwazi kwamba nyumbani Ujerumani itaonekana ndiyo mchokozi. Lakini angekwenda wapi? Nyuma kamba ya Waingereza, mbele vita. Akabaki.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alilopewa Bose lilikuwa na meno matatu.

Kwanza, ofisi. Novemba 2, 1941 Kituo cha India Huru kilifunguliwa Berlin, karibu na bustani ya Tiergarten, kikiwa na Wahindi wachache waliokuwa wakisoma au kuishi Ulaya. Ni pahali padogo palipozaa mambo makubwa kuliko umri wake. Hapo ndipo salamu ya "Jai Hind" ilipokubaliwa, ikitokana na Abid Hasan, kijana wa Hyderabad aliyekuwa Ujerumani kwa masomo, na hadi leo viongozi wa India wanafungia hotuba zao kwayo. Hapo ndipo wimbo wa "Jana Gana Mana" ulipochaguliwa kuwa wa taifa, ukapigwa Hamburg Septemba 1942, miaka saba na ushee kabla India huru haijaupitisha rasmi. Hata jina la Netaji lilianza kushika huko.

Pili, redio. Hii ndiyo silaha aliyoijua kuitumia. Redio Azad Hind, yaani India Huru, ilianza mapema mwaka 1942 kwa Kiingereza, Kihindustani, Kibengali, Kitamil, Kitelugu, Kipersia, Kipashto, na Kigujarati pia, lugha ya wenye maduka wengi wa Mombasa na Dar es Salaam ya wakati ule. Kwa mwaka mzima baada ya kutoroka, Bose hakuwa amesikika. Waliosema kafa walisema, waliosema kawa mtawa walisema. Februari 15, 1942 Singapore ikaangukia mikononi mwa Wajapani, na siku nne baadaye sauti ikatoka hewani: huyu ni Subhas Chandra Bose anayezungumza nanyi kupitia Redio Azad Hind. Mzee Mazzotta akawa amekwisha. Mwezi uliofuata mashirika ya habari yakatangaza kwamba Bose amekufa katika ajali ya ndege, Gandhi akatuma rambirambi kwa mama yake, na marehemu akaingia studio kukanusha kifo chake mwenyewe.

Tatu, askari. Hapa pana mkanganyiko mkubwa kuliko wote, kwa hiyo twende taratibu. Bose alihusika na majeshi mawili tofauti, na mitandaoni yanachanganywa kila siku. La kwanza ni Lejiani ya India, ya Ulaya. Iliundwa kutokana na Wahindi waliotekwa na Mhimili huko Afrika Kaskazini wakiwa wanapigana upande wa Uingereza. Walikusanywa kambi ya Annaburg, wakafunzwa Frankenberg na Königsbrück. Hata ilipojaa, walikuwa kama 3,000 hivi. Mateka wengi walikataa kujiunga. Jeshi la pili ni Jeshi la Taifa la India, la Asia. Lilikuwa na makumi ya maelfu ya watu, lilianzishwa mwaka 1942 na Mohan Singh kabla Bose hajafika huko, na ndilo lililopigana kwenye mpaka wa India na Burma.

Lejiani haikukanyaga India. Katika vikosi vyake Mhindu, Mwislamu na Sikh walichanganywa pamoja, jambo ambalo jeshi la Waingereza lililokuwa likigawa vikosi kwa dini na makabila halikulizoea. Begani walishona nembo ya simbamarara anayeruka. Lakini kiapo chao kilikuwa na majina mawili: walimwapia Hitler kama kiongozi wa jeshi la Ujerumani, katika vita vya kuikomboa India ambayo kiongozi wake ni Bose. Kiapo cha namna hiyo kina shimo katikati. Siku mabwana wawili wakitaka vitu viwili, askari anamfuata nani? Jibu lilikuja Bose alipokwisha ondoka. Mwaka 1943 walipelekwa Uholanzi, kisha kulinda pwani ya Ufaransa karibu na Bordeaux, na Agosti 1944 wakahamishiwa chini ya Waffen-SS, jeshi la chama cha Nazi. Kwenye kurudi nyuma kwao kuna miji ya Ufaransa inayowakumbuka kwa ubaya. Kama mtu anataka kumlaumu Bose kwa jambo moja la Berlin, mimi ningeanzia hapa kabla ya ile picha. Aliwaacha watu waliomwamini mikononi mwa mwenyeji ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameshamkatia tamaa.

Picha yenyewe ni ya mwishoni mwa Mei 1942. Walikutana mara moja tu, baada ya kungoja zaidi ya mwaka. Mapema mwezi huo Mussolini, mtawala wa Italia, alikuwa ameanza kulegea kuhusu tamko, na Bose alikwenda kwa Hitler na tumaini hilo. Hitler akamjibu kwa hoja ambayo sisi tungeifupisha kwa maneno matano: fimbo ya mbali haiui nyoka. Majeshi ya Ujerumani yako mbali na India, tamko lisilo na jeshi nyuma yake ni maneno tu. Nenda kwa Wajapani, wao wako mlangoni, na usafiri tutakupa. Bose aligusia yale maneno ya dharau kwenye kitabu na kuomba yasahihishwe. Hitler akazunguka mada. Mkono ukapeanwa, kamera ikabofya, karatasi haikusainiwa.

Kwa hiyo alikuwa Mnazi? Hapana, na ushahidi ni wa kwake mwenyewe. Machi 1936, akijiandaa kurudi nyumbani kutoka Ulaya, alimwandikia ofisa mmoja wa taasisi ya utamaduni ya Ujerumani kwamba utaifa mpya wa nchi hiyo ni finyu, wa ubinafsi na wenye majivuno. Aliudhiwa na ubaguzi wa rangi waliofanyiwa Wahindi huko. Lakini tusimwogeshe akatakata kupita kiasi. Mwaka 1935 aliandika kwamba India itahitaji mchanganyiko wa ukomunisti na ufashisti, akimaanisha chama kimoja chenye mkono mzito, na ingawa mwaka 1938 alisema hakulieleza vizuri wazo hilo, mapenzi yake kwa utawala wa amri hayakuwa siri. Na aliishi Berlin miaka ileile Wayahudi wa mji huo walipokuwa wakipakiwa kwenye mabehewa. Alipinga dharau waliyotupiwa Wahindi. Kwa ajili ya majirani zake wa Berlin hakupaza sauti, na redio alikuwa nayo. Wapo wanaomtetea kwamba mgeni hana sauti nyumbani kwa watu. Ni kweli hana. Ila mgeni huyu alikuwa ameichagua nyumba.

Kuna jambo jingine la pembeni ambalo linachekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Mmoja wa Wajerumani waliomhudumia kwa karibu zaidi, Adam von Trott zu Solz wa dawati la India katika wizara ya mambo ya nje, alikuwa mpinzani wa Hitler kwa siri. Alinyongwa Agosti 1944 kwa kushiriki njama ya kumuua. Kwa hiyo Bose alipokuwa akihesabu namna ya kumtumia Hitler, mtu aliyekaa naye meza moja alikuwa akihesabu namna ya kumwondoa.

Wengine hupenda kusema Bose na Gandhi walikuwa maadui. Waligombana, ndiyo, na kwa ukali. Lakini ni Bose aliyemwita Gandhi Baba wa Taifa, katika matangazo ya redio kutoka Rangoon, Burma, Julai 1944, na vikosi vyake vya Asia vilikuwa na brigedi ya Gandhi na brigedi ya Nehru. Kuhusu uvumi kwamba hakufa na aliishi kwa siri kama mtawa: alikufa Agosti 18, 1945 baada ya ndege kuanguka Taipei. Kila baada ya miaka kadhaa uvumi huo unafufuka, nadhani kwa sababu mtu aliyewahi kukanusha kifo chake redioni ni vigumu kumwamini akifa kweli.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki vita hivi havikuwa vya kusikia tu. Mwaka 1944, Wajapani na wenzao wa Jeshi la Taifa la India waliposhindwa Imphal, mji wa India karibu na mpaka wa Burma, na kuanza kurudi nyuma, miongoni mwa waliowafuata ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa KAR (King's African Rifles) tuliowaita keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kusini zaidi. Walishuka bonde la Kabaw kwenye tope na malaria, wakaingia Kalewa Desemba 2. Watawaliwa wa Uingereza kutoka bara moja wakiwakimbiza watawaliwa wa Uingereza kutoka bara jingine, na pande zote mbili ziliambiwa zinapigania uhuru.

Bose aliondoka Kiel Februari 8, 1943 ndani ya nyambizi U-180, pamoja na Abid Hasan. Vienna alimwacha Emilie Schenkl, ambaye kwa maelezo ya familia alikuwa amemuoa kimyakimya mwaka 1937, na binti yao Anita, mtoto wa miezi miwili na siku chache. Kwenye redio hakuna aliyejua kitu. Hotuba alizorekodi kabla ya kuondoka ziliendelea kurushwa kutoka Berlin kwa sauti yake ileile, huku mwenyewe yuko chini ya maji, akizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Mwishoni mwa Aprili nyambizi ya Kijapani, I-29, iliwapokea katika bahari yetu hii ya Hindi, kusini mwa Madagaska. Mawimbi yalikuwa makubwa kiasi kwamba meli hizo mbili zilingojeana kwanza. Kisha Bose na Hasan wakashuka kwenye kiboti cha mpira kilichofungwa kamba na kuvutwa upande wa pili, wamelowa chapachapa.

Oktoba 21, 1943 alitangaza Singapore serikali ya muda ya India Huru. Japani ikaitambua, na siku chache baadaye Ujerumani nayo ikaitambua. Karatasi aliyoisubiri Berlin miezi 22 ilimfuata hadi upande wa pili wa dunia, wakati Ujerumani ilikuwa imeshapoteza Stalingrad na Afrika Kaskazini, na haikuwa tena na njia yoyote ya kufika India.